Kioo Kipya cha Mwalimu Peris

Tangu Kitale ipate umeme, hakujatokea fundi wa kompyuta wa kumfikia Gathii. Chanzo cha habari hii ni Gathii mwenyewe, naye hajawahi kuikanusha.

Yanayofuata nimeyapata kwa mashahidi saba, nikayalinganisha neno kwa neno. Sita wanakubaliana. Wa saba ni Gathii.

Gathii alikuwa akimposa Phelista, binti wa Mzee Wamalwa wa Bungoma. Ziara ya kwanza ilikwenda vyema, akaanza kuitwa mkwe. Ilibaki Mzee ataje siku ya kuwapokea wazee kutoka Kitale. Hapo ndipo mama mkwe, Mwalimu Peris, mkuu wa shule mstaafu na katibu wa akina mama kanisani, alipoikalia laptopu yake. Mwalimu si mwanamke mwembamba. Kioo kilivunjika kama ganda la yai!

"Niletee!" Gathii alimwambia Phelista kwa simu. "Nitamwekea kioo cha hali ya juu! Atasoma hadi mawazo ya askofu!"

"Weka tu kama kile cha kwanza. Mama amekizoea."

"Phelista, bana! Ati mama mkwe wa Gathii atumie kioo cha watu wa kawaida?"

Kioo cha kwanza kilikuwa na vitone vya mwanga 1366 kutoka ukingo hadi ukingo. Gathii alisafiri hadi Moi's Bridge, kwa rafiki yake Ngige anayechinja kompyuta zilizokufa, akapata chenye vitone 1920, upana ule ule. Kikaingia. Kikawaka. Kikang'aa kama paa jipya la mabati! Jambo moja tu hakulipima: vitone vikiongezeka na kioo kisiongezeke, kila herufi hunywea. Macho ya Gathii yana miaka thelathini, hayakuona tofauti. Ya Mwalimu yana sitini na minane.

Jumamosi Gathii aliwasili Bungoma na laptopu. Sebuleni akina mama kumi na wawili walisubiri kusomewa ripoti ambayo kesho yake ingesomwa mbele ya askofu. Gathii alibaki uani na Mzee, kama inavyopasa. Kwa Wabukusu, watu wa Mzee, mkwe mwanamume hamsogelei mama mkwe, hampi mkono, wala haketi naye chumba kimoja. Gathii, aliyezaliwa Trans-Nzoia miongoni mwao, alikuwa akijisifu kwamba desturi hizi anazijua kuliko wenyewe.

Phelista akaingiza laptopu. Kisha:

"Phelista! Huyu mtu ameniletea siafu!"

"Siafu, Mama?"

"Tena wamepanga mistari!"

Mwalimu alivaa miwani yake, na juu yake akavaa ya mwenyekiti wa akina mama. "Nikiinama naona 'Wapendwa'. Nikiinuka, wapendwa wameenda!"

Sebule nzima ikacheka. Uani, jasho lilimtiririka Gathii. Dawa aliijua: mibonyezo miwili, herufi zinakuzwa. Lakini laptopu isingeweza kuletwa nje. Betri ilikufa zamani, na waya wa umeme uliishia pale pale mezani pa Mwalimu.

"Phelista!" alipaza sauti. "Bonyeza mahali hakuna kitu! Kitufe cha mkono wa kulia!"

"Nimebonyeza!"

"Umeona maneno?"

"Maneno gani? Hii ni vumbi!"

"Bonyeza la tatu!"

Phelista akabonyeza la nne. Ripoti ikapinduka, miguu juu, kichwa chini.

"Afadhali," alisema mwenyekiti. "Sasa siafu wamekufa."

"Tulia, mkwe," Mzee Wamalwa alisema taratibu. "Mama atatoka, ndipo uingie."

Na kweli, ndani Mwalimu alikuwa amekwisha kushika fimbo yake ainuke. Hatua kumi hadi mlango wa jikoni, basi! Lakini Gathii hajawahi kungoja hata chai ipoe. Alikwisha kuruka kizingiti. Alipenya katikati ya akina mama, akainama juu ya bega la mama mkwe, shavu kwa shavu, akabonyeza mara tatu. Ripoti ikasimama wima, herufi zikavimba kama maandazi kwenye mafuta.

"Haya, Mama! Hata askofu akibaki mbali kule Webuye atasoma!"

Na ili kazi isipungukiwe na heshima, akamshika mkono, akautikisa kwa mikono yake miwili.

Mwenyekiti alijifunika uso kwa leso. Mashahidi sita wanasema kimya kilidumu dakika nzima. Wa saba anasema alipigiwa makofi.

Mzee Wamalwa alisimama mlangoni. "Mbona mnashangaa? Mkwe hawezi kusimama pale. Huyu amesimama. Basi huyu si mkwe."

"Mzee, si ni mimi, Gathii!"

"Nakujua. Wewe ni fundi. Fundi anaingia popote, hana kosa."

Gathii alimtazama Phelista. Phelista alitazama dari.

"Na wazee wangu, Mzee? Ile siku yao?"

Aliyejibu ni Mwalimu Peris, akiwa amevua miwani yote miwili, akisoma ukurasa wa pili kwa raha, bila kuinua macho.

"Fundi, printa ya kanisa nayo inatafuna karatasi. Njoo Jumatatu. Uje peke yako."