Kiti Kilichonibashiria Mtihani wa Leseni

Leo nimeadhirika. Tena mchana kweupe, mbele ya mtu ambaye kazi yangu iko mkononi mwake.

Mnajua Jumatatu tunafanya mtihani wa leseni ya wanasaikolojia. Na ni mimi niliyejifanya mtabiri wa kundi hili: nikachukua alama zenu za chuo na saa zenu za mazoezi, nikapiga hesabu, nikatangaza nani atapita. (Yangu niliwaambia bado naipiga. Uongo. Ilishatoka zamani: nafeli.) Bila leseni, nafasi ya kituo cha ushauri hapa Garissa anapewa mwingine. Madam Hodan, msimamizi wangu, alishaniambia hivyo bila kuzunguka.

Basi leo baada ya adhuhuri nikafanya tena mazoezi ya kiti kitupu, ile mbinu ya mteja kuongea na kiti kana kwamba kuna mtu amekikalia. Nikafunga mlango. Nikaweka kiti cha plastiki, na juu yake kofia ya marehemu awoowe, babu yangu, dereva wa malori ya mbuzi aliyenilazimisha kusema Kiswahili tangu utotoni, ingawa yeye mwenyewe kila "p" aliitamka "b". Stima ilikuwa imepotea. Mtaa mzima umelala kwa joto.

"Awoowe," nikauliza, "nitapita?"

Kisha pazia likavutika ndani polepole, na upepo hakuna. Harufu ya ubani ikaingia. Nyuma yangu sauti nzito ya mzee ikasema, "Utabita. Hizo hesabu zako wacha."

Jamani, sikufanya tathmini yoyote. Nilitoka mbio, kikoi kikabaki kwenye komeo la mlango.

Uani nikamkuta habaryar, mama yangu mdogo, ameshika chetezo cha ubani. Kando yake sheikh na jagi la maji ya dua. Na Madam Hodan, aliyepita kunitakia heri. (Mimi nina chupi. Ina tundu.)

"Siku ya tatu yeye naongea na kiti, wallahi," habaryar alikuwa akimweleza Madam. "Jini imeshika yeye."

Sheikh hakungoja. Jagi lote usoni.

Madam akageukia ukuta. "Vaa kwanza," akasema. "Halafu utanieleza unavyotaka kutibu watu."

Nikajichekesha. Nikamwambia sheikh kuwa ile sauti yake imenitisha vizuri, hata Kiswahili chake ni cha awoowe kabisa. Sheikh akamtazama habaryar, akingoja kutafsiriwa.

"Sheikh ametoka Diff juzi, kule mpakani," habaryar akasema, sauti imeshuka. "Kiswahili hajui. Na sisi hapa hakuna mtu mesema hiyo maneno."

Sote tukautazama mlango. Hakuna aliyekwenda kukichukua kikoi.

Nawaandikia kutoka kwa jirani, nimejifunga shuka ya kuazima. Naogopa, na msinicheke. Utabiri wangu wote ufuteni. Anayetaka kujua matokeo yake aende mwenyewe, kiti bado kiko chumbani na mlango uko wazi.