Ombi la Mke Wangu Kurudishwa Kwenye Vitabu

Kwa Mkuu wa Chuo cha Ufundi,

Baada ya salamu na heshima zote, mimi ni mume wa mwanafunzi wako wa ufundi bomba, yule anayekaa mbele na kuuliza maswali. Nasikitika kukuarifu kwamba mfumo wenu mpya, mliouiga kutoka nchi za mbali, wa nusu ya wiki darasani na nusu kazini, unanivunjia heshima nyumbani. Malalamiko yangu ni haya:

1. Bomba la jikoni nililifunga mwenyewe kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, nikaweka beseni chini yake. Likadondosha matone kwa adabu miaka yote. Mke wangu aliporudi kutoka kazini Alhamisi alilifungua, akalikaza, akanywa chai. Sasa jikoni kimya hata usingizi siupati.

2. Majirani walizoea kuniita Fundi. Juzi jirani mmoja akabisha hodi, akamuulizia fundi. Nikatoka mbio na spana mkononi. Akaniomba radhi, akasema hakuja kwangu.

3. Mama mkwe alinikubali kwa sababu nilimtengenezea koki ya uani. Siku hizi ikivuja anampigia binti yake. Mimi naulizwa kama huku mvua imenyesha.

4. Mnafundisha kwamba fundi hapimwi kwa miaka, hupimwa kwa anachoweza kufanya. Basi mke wangu akanipima, tukiwa mezani tunakula wali aliopika. Akasema bado. Iliniuma sana, Mkuu, na wali ulikuwa mtamu.

Hebu fikiria: mabomba yote yakiacha kuvuja, sisi waume tutashika nini Jumamosi? Tutashika mwiko! Na tukishapika, si tutaambiwa tuoshe na vyombo?

Nasikia kwingine mwanafunzi hukaa darasani tu mpaka mtihani. Naomba mke wangu ahamishiwe huko: achore koki, aieleze, afaulu, asiiguse. Akipata mia kwa mia nitamsifu mbele ya ukoo mzima.

Nisalimie walimu wote, karani wa mapokezi na mlinzi wa getini.

Ni mimi, niliyekuwa Fundi,
Mume wa Mwanafunzi.

Nyongeza: Mke wangu ameisoma barua hii, akacheka mpaka akashika meza. Kisha akanipa spana, akanielekeza, nikakaza nati ya bafuni kwa mkono wangu. Haivuji! Nimefungua na kufunga maji mpaka amenifukuza. Kwa hiyo yasahau yote ya hapo juu, unipe nafasi muhula ujao, darasa moja naye. Nitakaa nyuma, pale mbele pana mwenyewe.