Somo la Mlango

Jumatatu, 4 Machi
Nimeanza. Mtu wa kwanza mjini hapa kufundisha Kiingereza kwa vitendo vitupu! Chumba juu ya kiwanda cha kuchapa, viti kumi na viwili, mlango mmoja. Juu ya mlango nimebandika tangazo: lugha yetu ibaki nje. Kutafsiri marufuku. Chumba cha pili yupo yule mzee ninayemwita Majedwali. Miaka ishirini anakaririsha vitenzi vya Kiingereza kwa majedwali. Wanafunzi wake wanavijua mia mbili na hawawezi kuomba maji.

Bibi Mshonaji, anayeshona mashuka ya hospitali, akaniuliza kwa lugha yetu atamwambiaje mjukuu wake kwamba alikuwa na hamu naye. Mtoto ana miaka sita, kazaliwa ughaibuni, hawajaonana hata siku moja. Anakuja Jumapili. Anajua Kiingereza tu. Baba yake angeweza kutafsiri, lakini Bibi anataka kusema kwa kinywa chake mwenyewe. Nikamwonyesha tangazo kwa kidole. Akadhani namfukuza. Akabeba kikapu chake, akatoka. Kumrudisha kwa ishara kumenichukua robo saa.

Jumatano, 6 Machi
Mambo yanakwenda. Ninasimama, ninakwenda mlangoni, ninashika kitasa, ninafungua mlango. Darasa zima, kwa Kiingereza, bila kosa. Ila mwanafunzi mmoja, kinyozi, akikaa kitini anasahau kila kitu, lazima atembee ndipo aseme. Dada yangu kauliza, je, mtu kama huyo akilazwa hospitali atasemaje. Dada hana utaalamu.

Bibi kauliza tena. Sawa, nikaigiza hamu. Nikashika kifua, nikatazama mbali dirishani, nikashusha pumzi. Wakaniletea maji na kunilegezea tai. Kinyozi akataka kunilaza chini.

Nimerudi nyumbani nikiwaza. Mlango nauonyesha kwa kidole. Kiti pia. Lakini mtu asiyekuwepo utamwonyesha kwa kidole gani? Nimekaa na swali hilo mpaka chai ikapoa, na sikupenda lilikokuwa linanipeleka. Nimeamua kwamba sikushika kifua vizuri.

Ijumaa, 8 Machi
Usaliti. Nimemkuta Bibi anatoka kwa Majedwali na kikaratasi. Mzee kamwandikia sentensi moja na maana yake chini, kazi ya dakika moja. Nikamwambia kinaharibu mbinu. Nikanyoosha mkono. Alinipa bila kubisha, na hilo ndilo lililonikera zaidi.

Dada kasema, mdogo wangu, umemnyang'anya bibi wa watu. Nimemjibu kwamba waanzilishi wote hawaeleweki. Sikumaliza chakula.

Jumapili, 10 Machi
Nilikwenda kwa Bibi. Eti kukagua mbinu. Kikaratasi nilikuwa nacho mfukoni, sijui kwa nini.

Mtoto alijificha nyuma ya baba yake, hataki hata kusalimia. Bibi akasimama katikati ya chumba. Ninasimama, akasema kwa Kiingereza. Ninakwenda mlangoni. Ninashika kitasa. Mtoto akachungulia. Bibi akafungua mlango, akafunga, akarudi, akaanza upya. Mara ya tatu walikuwa wawili, wameshikana mikono, mtoto anacheka. Kifua kikanijaa. Mbinu yangu!

Kisha mtoto akachoka, akakaa mapajani kwa Bibi, akamtazama usoni akingoja neno jingine. Bibi hakuwa nalo. Akanigeukia, akaniambia kwa lugha yetu, Mwalimu, milango imekwisha, naomba karatasi yangu.

Nikampa. Akaisoma polepole, neno moja moja, kidole kikifuata mstari. Mtoto akamjibu kwamba yeye pia, siku nyingi. Hakuna aliyehitaji kutafsiriwa. Nililia, na sioni haya kuandika. Nilimwomba Bibi radhi. Akanikaribisha chai.

Jumatatu, 11 Machi
Viti saba vitupu. Bibi na wengine sita wamehamia kwa Majedwali, nawasikia ukutani.

Nimelitafakari jambo hili kwa unyenyekevu, na kosa nimeliona. Milango ilikuwa michache. Wiki hii naongeza dirisha, halafu kabati, droo zake zote sita. Vikaratasi nitavikagua mlangoni, kabla ya darasa.

Dada kauliza kama wale waliobaki nitawafundisha kusema wana hamu na mtu. Nimemwambia bila shaka. Ni somo la arobaini, baada ya droo.