Tofali la Mabingwa

Jumatatu, 3 Juni
Binti yangu atacheza sataranji Jumamosi, kwenye ukumbi wa shule! Akili karithi kwangu, ingawa mimi masomo niliyaachia njiani. Mpinzani wake ni binti wa jirani yangu, fundi cherehani, mwanamke mwenye majisifu. Mimi sijisifu, nasema ukweli tu. Lazima tushinde.

Jumanne, 4 Juni
Duka la vitabu. Muuzaji kauliza mtoto yuko ngazi gani. Ya juu kabisa, baba! Akatoa chembamba chenye picha, cha wanaoanza. Cha kati, cha mitego. Na kinene kama tofali, cha mabingwa. Kanisihi nichukue chembamba, eti haba na haba. Nikamwambia wangu hujaza kibaba kwa mkupuo. Nimebeba tofali. Na chembamba pia. Nina mpango!

Jumatano, 5 Juni
Fundi nimempelekea kile chembamba, zawadi ya ujirani. Nimemwambia, shoga, vinene vinachosha watoto bure. Kanikumbatia, kanibana na blauzi iliyofumuka aliyokuwa akiishona. Maskini! Kaingia mtegoni mzima mzima.

Alhamisi, 6 Juni
Binti kafungua tofali, kauliza maana ya ukurasa wa kwanza. Nikavaa miwani. Herufi na namba tupu, kama anwani za watu nisiowajua. Nikamwambia kinaingia polepole, akiweke chini ya mto. Baba yake kasema keshokutwa tuupeleke mto mashindanoni. Mume mwenye wivu huyu!

Ijumaa, 7 Juni
Kwa fundi, vicheko na kete kugongana jioni nzima. Binti kaomba aende, eti kitabu chao kitamu. Nimekataa. Bingwa hashuki ngazi.

Jumamosi, 8 Juni
Tumeshindwa. Chai yangu ilikuwa haijapoa! Mfalme wetu kabanwa kona na askari wake mwenyewe, farasi wao akaruka, basi. Binti wa fundi kasema hiyo ipo kwenye kitabu, penye picha ya farasi. Fundi akasimama, akanishukuru mbele ya wote kwa kitabu. Ukumbi mzima ukanipigia makofi! Nikainama kama bibi harusi. Mabinti wametoka wameshikana mikono, wangu anaomba aazime chembamba. Thubutu!
Kosa nimeliona. Tofali letu ni juzuu ya kwanza tu. Jumatatu nafuata ya pili. Na fundi nitampelekea kile cha mitego, kimpoteze kabisa.