Watani Juu ya Paa

Jumatatu, 9 Juni

Asubuhi nimeifundisha hewa mazoezi. Hakuna aliyepanda ngazi. Bi Husna, mwenye nyumba, kaja kukagua paa lake akanikuta nachuchumaa peke yangu. Anasema paa lisipojaa watu ifikapo Jumamosi, nifungashe mikeka yangu. Nimebakiwa na wateja wawili, wote watoro: Mama Mektilda, Mchaga wa vitenge, na Mzee Elieshi, Mpare wa masufuria. Mchaga na Mpare. Watani wa jadi, makabila yenye ruhusa ya kuchokozana! Dawa nimeipata.

Jumanne, 10 Juni

Nimemnong'oneza kila mmoja kwamba mtani wake anamsema ni mvivu. Wote wamefika kabla yangu. Mama Mektilda kasema Mpare hachuchumai mpaka chini kwa sababu anabania hata magoti yasichakae. Mzee kajibu kwamba sarafu ikidondoka, Mchaga huinama kutwa nzima kuitafuta, bila mwalimu. Jasho limewatoka hasa. Nina akili mimi, basi tu.

Alhamisi, 12 Juni

Hitilafu kidogo. Mama Mektilda kadai kwamba kwa haki ya utani, pushapu zake apige Mzee. Mzee kasema sawa, ila kwa Upare wake atafungua kesi mpaka rufaa. Wamecheka mpaka wakakaa chini, na hawakuinuka tena. Ila vicheko vimefika barabarani. Wateja wangu wa zamani wameanza kupanda ngazi. Hata Hashimu, mwalimu wa jimu ya Gerezani aliyeninyang'anya hao wateja, kaja kuchungulia. Roho imemuuma, nimeona.

Jumamosi, 14 Juni

Paa limejaa pomoni. Wamekuja na viti. Nimeruka kamba katikati yao, wakaniomba nisogee, nawaziba wasimwone Mzee Elieshi. Hashimu kawaambia mazoezi wafanyie kwake alfajiri, jioni waje huku kucheka. Wamekubali wote, hadi watani wangu. Bi Husna kafurahi, anaanzisha kijiwe cha kahawa papo hapo. Mikeka imebaki, ya kukalia. Mimi kanipa kazi ya kupandisha birika.

Imeniuma sana. Nimekaa kwenye ngazi nikatafuta nilipokosea, na nimepaona. Watani wawili ni wachache. Nimeshaongea na Mzaramo wa nazi na Mnyamwezi wa mikokoteni, nao ni watani, wanaanza Jumatatu. Wakiwa wanne, hapo hakai mtu.