Mashine Isiyotii Fomu

Ndugu Meneja wa Ghala,

Shikamoo, na pole kwa majukumu. Naandika nikiwa nimesimama, kwa heshima. Nina malalamiko dhidi ya mtumishi mmoja mtovu wa nidhamu: mashine ya upepo tunayofungia mizigo kwa mikanda ya chuma. Naomba ipewe barua ya onyo.

1. Haiheshimu maandishi. Kama ulivyonielekeza, tarehe mosi nilijaza fomu ya ukaguzi ya mwezi mzima kwa mkao mmoja: mpira wa hewa mzima, mafuta yametiwa, meno ya kushikia mkanda yamesafishwa. Niliweka alama za vema hadi tarehe thelathini na moja, ingawa mwezi huu una siku thelathini. Nilidhani bidii haidhuru. Tarehe sita tu mpira ukaanza kuvuja na kufoka kama nyoka aliyekanyagwa mkia.

2. Inadeka. Kila asubuhi inataka matone ya mafuta. Chupa iliisha mwezi uliopita. Sisi wengine tunashinda na chai kavu na hatufoki.

3. Imemharibu mjomba wangu, ambaye ndiye mfungaji wetu wa mizigo. Mkanda ukinasa, anafunga hewa, anachomoa mpira, anabonyeza kitufe mpaka hewa iliyobaki iishe, ndipo atie vidole. Wapakiaji wanamwita Bibi Harusi, kwa kuwa hatoki kabla hajajiandaa. Wewe mwenyewe ulimwambia mbele ya watu, "Mzee, harakisha, vidole unavyo kumi." Akakujibu, "Ndiyo maana bado ni kumi, bosi." Utovu huo wa nidhamu kaupata wapi, kama si kwa mashine?

4. Jumanne, tarehe kumi na saba, ilivuka mpaka. Kipimo cha presha kilishakufa, ikakaza kupita kiasi, mkanda ukakatika na kumchana mjomba juu ya jicho. Alishonwa nyuzi tano. Miwani ya kinga tunayo moja, nayo inakaa kwenye droo yako kwa ajili ya wageni. Fomu ya siku hiyo inasema mashine ilikuwa nzima. Kwa hiyo, ulinieleza, mbovu ni mjomba, na kesho saa nne nitie sahihi ili aachishwe kazi. Sina la kupinga. Fomu haiwezi kukosea: niliijaza siku kumi na sita kabla ya tukio.

5. Basi tusiishie njiani. Niruhusu nijaze na fomu za majeruhi za mwaka mzima, ili kila mtu ajue mapema siku yake ya kuumia na aje ameoga.

Nisalimie wahasibu, mlinzi wa getini, na mgeni yeyote utakayemkuta amevaa ile miwani.

Ni mimi mtiifu wako, mwenye hofu ya kweli,
Karani wa Ghala

Baada ya sahihi: Ile ya kesho sitaitia. Alama zangu zote za vema nimezikata kwa mstari, na pembeni nimeandika nilichokiona kwa macho yangu. Nakala anayo mjomba. Kiungio cha mpira wa hewa kimo mfukoni mwangu, na bila hicho mashine haipumui. Nitakirudisha fundi akishaikagua na mjomba akishapata miwani. Kwa mashine sina kesi tena. Samahani kwa mwandiko wa kusimama, lakini safari hii tarehe zote ni za kweli.