Mashine Yenu Imesema Nimelala

Kanye, Botswana.

Kwa Mkuu wa Maabara ya Usingizi,
Gaborone.

Mma Profesa Tshweneyagae,

YAH: MASHINE YENU KUNISINGIZIA USINGIZI

Natumaini hujambo na kazi inakwenda vizuri. Mimi ni Oteng Ramasedi, mjomba wa Wame, yule binti anayeifundisha mashine yenu kusoma mawimbi ya ubongo na kusema mtu amelala usingizi wa namna gani. Nimemlea tangu baba yake afariki, na Jumamosi hii tunamaliza mazungumzo ya mahari yake. Kwetu hiyo ni kazi ya mjomba. Nakuandikia kwa sababu nakaribia kunyang'anywa kazi hiyo, na anayeninyang'anya ni mashine yenu.

Mambo yalikuwa hivi. Mwezi wa saba Wame aliniomba nivae ile kofia yenu ya nyaya kutwa nzima, kwa kuwa mashine ilikuwa haijazoea vichwa vya wazee. Nikakubali. Kumbe siku hiyohiyo ndiyo wajomba wa bwana harusi walikuja kutoka Ramotswa. Barazani mwanaume haketi na kofia, lakini niliomba radhi, nikasema baridi imeniingia sikioni, nikafunga skafu yangu ya kijani juu ya nyaya. Wageni wakataja ng'ombe sita. Mimi nikafumba macho. Nilipoyafumbua walikuwa wameshapanda hadi wanane.

Basi wiki iliyopita mkafanya siku ya wageni. Wame, kwa furaha yake, akabandika ukutani mchoro wa mashine, unaoshuka kama ngazi: juu mtu yuko macho, chini kabisa usingizi mzito. Jina langu hakuliandika, ila aliweka tarehe, na picha ya skafu. Rre Modiri Sebego, mjomba wa bwana harusi, aliyealikwa kuona kazi ya mkwe, akasimama mbele ya ukuta akasema, "Hebu ngoja kwanza. Hii si ndiyo siku tuliyoongeza ng'ombe wawili? Yaani watu wazima na akili zetu tulikuwa tunamwogopa mtu aliyelala?" Nasikia walicheka mpaka wakaegemeana. Sasa wanataka kurudi kwenye sita, na ukoo wangu unataka kumtuma mdogo wangu Kabo, ambaye hajawahi kunyamaza tangu azaliwe.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kufumba macho ni kazi. Mjomba akifumba macho, upande wa pili wanaanza kujiuliza wamekosea wapi, na mtu anayejiuliza huongeza ng'ombe. Nimewaozesha mabinti wa ukoo huu kwa njia hiyo na hakuna aliyetoka hapa bila heshima.

2. Wame anasema mashine ina mafungu matano tu: macho, usingizi mwepesi, wa kati, mzito, na wa ndoto. Je, mjomba anayesikiliza mtamweka wapi? Naomba liongezwe fungu la sita. Nilipomwambia Wame alinijibu, "Mjomba wangu, fungu lako hilo mbona linakoroma?" Nani kakoroma? Nilikuwa naguna. Mzee akiguna mfululizo maana yake hakubali mfululizo.

3. Kwenye mchoro kuna mahali mawimbi yanaruka ghafla, kisha yanatulia. Eti mashine inasema mruko wa namna hiyo ndio hasa dalili ya usingizi. Hii ni dharau. Tangu lini anayeshtuka akawa ndiye aliyelala? Dada yangu, mama yake Wame, alirekodi mazungumzo yote kwa simu ili wa Ramotswa wasije wakayakana. Nimemwagiza Wame aulinganishe mchoro na sauti hiyo, aone kama sikuwa nashtushwa na hoja za ng'ombe.

4. Mashine hiyo haijawahi kukaa barazani. Iletwe hapa Kanye, inyweshwe uji wa mtama na maziwa ya mgando, isikilize shauri la kisima cha kina Moagi tangu asubuhi, ndipo itoe hukumu ni nani amelala. Naamini itazimika kabla yangu.

5. Mkiiachia, kesho itapelekwa kanisani, keshokutwa bungeni. Nchi itabaki na akina nani? Akina Kabo, Mma Profesa.

Kwa hiyo naomba mashine ije barazani kuomba radhi, na ng'ombe mmoja wa faini. Kwa kuwa mashine haina ng'ombe, nitaelewa ikija na wa kwako.

Usidhani nalilia ng'ombe. Naumia. Wame alipokuwa mdogo nilimwahidi kwamba siku yake nitasimama mimi na si mtu mwingine. Sasa ananitazama kwa huruma, tena ananiletea chai bila kuombwa.

Wasalimie walimu wote, wafagizi, na mlinzi wa getini aliyenisaidia kuivua ile kofia. Mashine usiisalimie.

Ni mimi, niliye macho,
Oteng Ramasedi

Baada ya kusaini: Naomba uyapuuze yote ya hapo juu. Wame amekuja na mchoro na simu ya mama yake, akavilinganisha mbele ya ukoo mzima. Nilikuwa nimelala. Kwenye ng'ombe sita nililala, kwenye wanane nikalala zaidi, na hapo hakuna mruko hata mmoja. Miruko yote imeangukia mahali lilipotajwa jina la Wame. Anasema ubongo uliolala huruka ukisikia kilicho chake. Dada yangu akalia, Kabo akakosa la kusema, na ukoo umeamua Jumamosi niende mimi, ila nisijitahidi sana kukaa macho.

Limebaki ombi moja. Nasikia Rre Sebego naye ameanza kujizoeza kufumba macho. Tafadhali mpe Wame ile kofia aje nayo. Sebego nitamwambia inazuia baridi ya sikio. Nitakachoonyeshwa na mashine nitakikubali bila ubishi. Ikisema anaruka kwa ng'ombe na jina la Wame halimshtui, harusi hakuna.